Herufi Changa kuliko Kutu

Ililetwa Jumanne, imeviringishwa kitenge cha manjano,
ikawekwa mezani pangu, hapa Kamalondo,
kati ya kibao cha daktari wa meno
na bamba la jeneza lililongoja tarehe.
"Haina risasi," akasema Mujinga.
Nikahakikisha mwenyewe.
Neno "haina" limezika wengi Lubumbashi.

Hakukaa. "Ni ya babu. Sajini Kyungu.
Alitembea nayo hadi Abisinia. Soma hapo:
F.P., na mwaka, 1937.
Kuna bwana wa njia ya Kasapa, anakusanya vya zamani,
anatoa dola elfu na mia mbili,
ila anataka karatasi yako kwanza."

Mimi vita sivijui. Najua chuma.
Chuma kikigongwa mhuri hakipotezi kitu,
kinasogea tu, kama benchi la kanisa akija mnene;
pembeni ya herufi hubaki kituta
ambacho ukucha hukijua kabla ya jicho.
Kiwandani hugonga, hulainisha kituta,
ndipo huvika chuma rangi ya usiku,
na usiku huo huingia mpaka sakafu ya herufi.

Nikasogeza taa. Nikashika lenzi.

Taji la ukaguzi, dogo kama punje ya ulezi,
mabega yamelala kwa miaka ya mfukoni:
kweli.
Namba ya mtutu, nne iliyofunga kichwa.
Namba ya fremu, nne iliyo wazi juu.
Seti moja ya mihuri haibadili mwandiko
katikati ya sentensi. Mtutu ni wa kuazima.
Hilo si dhambi, bunduki huazimana viungo
kuliko ndugu wanavyoazimana viatu.

Kisha F.P.
Kingo kali, za kukata uzi.
Sakafu yake nyeupe, usiku haukuingia.
Na chini ya P palikuwa na shimo la kutu:
mguu wa herufi ulishuka humo, ukalikanyaga,
ukatokea ng'ambo.
Kutu ilitangulia. Herufi ilikuja baadaye,
ikajiita mama yake.

Ningeishia hapo, niandike, nilipwe.
Lakini ile saba.

Ile saba ya mwisho wa mwaka, imeinama kushoto,
na unyayo wake una pengo, kama jino la maziwa.
Mkono ukaniganda juu ya lenzi.

Baba aligonga mabamba ya mabehewa, atelie ya reli.
Mihuri yake aliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga,
na kila mtoto alimgongea kikombe cha bati
namba yake ya kuzaliwa.
Mimi ni wa saba.

Nakumbuka mwaka ule mshahara ulikuja mara mbili,
mlima wa mavi ya shaba ukisimama pale pale, umeshiba.
Usiku mmoja mtu alibisha na kitu ndani ya gunia.
Nyundo, pigo moja moja, kitambaa chini yake
ili majirani wasihesabu.
Asubuhi tulikula bukari mpaka tukacheka.

"Vipi?" akauliza Mujinga.
Nikaandika: Bastola ni ya zamani, hilo kweli.
Taji ni la kweli. Mtutu umebadilishwa.
F.P. na mwaka viligongwa baadaye, juu ya kutu.
Akasoma mara mbili, midomo ikitembea.
"Kwa hiyo babu alidanganya?"
"Babu yako labda alitembea. Hapa nasoma herufi,
miguu yake siisomi."
"Na aliyegonga ni nani?"

Nje, mtu wa makala alikuwa akipita na baiskeli, akiita bei.
Nikamwambia akae basi, chai imeiva.
Nikaimimina katika kikombe cha bati,
nikamkabidhi taratibu,
saba nikaigeuzia upande wangu.